Pedeli ya breki imekuwa laini baada ya kufunga diski nyuma: pa kuanzia kabla ya kununua masta silinda

Gari lilikuwa na dramu nyuma, sasa limefungwa diski, kila kitu kinang'aa. Unakanyaga breki, pedeli inabonyea kama godoro. Hapa Iringa kazi hii inaniletea hasa Hilux za zamani zinazopanda na kushuka mlima Kitonga, na wenye magari wengi wanafika wakiwa wameshauziwa masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) mpya. La mwisho lilikuwa limebadilishiwa mbili. Zote zilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba kalipa (sehemu yenye pistoni inayobana pedi kwenye diski) ya kushoto ilifungwa kulia na ya kulia ikafungwa kushoto.

Fundi mwenzangu, fuata mpangilio huu, na gari lisitoke gereji hadi pedeli iwe juu na ngumu. Hata kulijaribu nje ya geti, hapana.

Hatua ya 1: Isikilize pedeli

Zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi busta (kisaidizi cha nguvu ya mguu) iishiwe nguvu. Sasa kanyaga kwa utulivu uone inafanya nini.

Ikibonyea kama sponji muda wote, kuna upepo, yaani hewa, ndani ya mfumo. Ikishuka sana mara ya kwanza, kisha ukipampu mara 2 au 3 ikapanda na kuwa ngumu, tatizo ni nafasi kubwa kati ya pedi na diski. Ukiishikilia ikaendelea kuzama taratibu, kuna mahali panavuja, au sili za ndani ya masta silinda zinapitisha mafuta. Hizi ni kesi tatu tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakomaliza pesa za mteja.

Hatua ya 2: Bana hosi ya nyuma

Kwenye Hilux yenye ekseli nzima nyuma, mafuta ya breki yanafika kwenye ekseli kupitia hosi moja ya mpira inayoshuka kutoka kwenye chesisi. Ibane kwa klempu ya hosi yenye midomo laini. Usitumie praizi yenye meno, na kama hosi ni ya waya za chuma usiibane kabisa.

Kanyaga tena. Pedeli ikiwa juu na ngumu, masta silinda yako ni nzima na breki za mbele ni nzima, kwa hiyo kosa liko nyuma ya klempu. Ikibaki laini, kosa liko kabla ya klempu: kagua breki za mbele na masta silinda. Jaribio hili halimalizi dakika 5, na ndilo ninalolifanya kabla ya kumtajia mteja bei yoyote.

Hatua ya 3: Nipeli inaangalia wapi?

Lala chini ya gari uangalie kila kalipa. Nipeli ya kutolea upepo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Upepo unapanda, haushuki. Kalipa zikibadilishana pande, nipeli inakaa chini na povu la hewa linabaki juu yake. Hata ukitoa upepo siku nzima, yatatoka mafuta safi tu na pedeli itabaki vilevile. Zirudishe pande zake. Kama breketi yako (kishikio cha kalipa) imeilaza kalipa kiasi kwamba nipeli haifiki juu, ifungue kalipa, weka kipande cha mbao au chuma chenye unene wa diski kati ya pedi, inyanyue nipeli iangalie juu, toa upepo, kisha uirudishe.

Hatua ya 4: Toa upepo kwa utaratibu

Weka stendi chini ya ekseli, si chini ya chesisi. Hilux nyingi zina valvu ya mzigo, ile yenye mkono unaoshuka hadi kwenye ekseli. Ekseli ikining'inia, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza presha ya nyuma. Valvu hii nayo ina nipeli yake, na mafundi wengi wanaipita bila kuiona.

Gari la usukani wa kulia, anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, mbele kulia, umalizie na valvu ya mzigo. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia; wewe fungua nipeli robo hadi nusu mzunguko, funga, ndipo aachie. Kupampu kwa fujo kunavunja povu kubwa kuwa mapovu madogo yasiyotoka. Masta silinda ikiwa ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike sakafuni, maana sili zikipita kwenye sehemu yenye kutu zinachanika. Na kopo la mafuta lisikauke hata mara moja.

Tumia DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo.

Hatua ya 5: Nafasi ya pedi

Hapa ndipo kalipa zenye hendibreki ndani yake zinapowachanganya watu. Pistoni yake ina skrubu. Ukiirudisha ndani kabisa na kuiacha hapo, inabaki mbali na pedi. Izungushe nje hadi pedi ikaribie kugusa diski, kisha vuta na kuachia mkono wa hendibreki kwenye kalipa mara nyingi hadi ijirekebishe. Kebo ifungwe mwisho, ikiwa imelegea.

Tupige hesabu. Kalipa mbili zenye pistoni ya mm 38 zinameza karibu mililita 2.3 za mafuta kwa kila milimita 1 ya nafasi. Masta silinda ya inchi 7/8 inasafiri karibu mm 6 kuyatoa hayo, na pedeli yenye uwiano wa 4 kwa 1 inashuka zaidi ya sentimita 2. Kwa milimita moja tu!

Hatua ya 6: Breketi na diski

Pedeli ikiwa nzuri gari likiwa limesimama, halafu inashuka baada ya kona au barabara ya mashimo, diski inazisukuma pistoni nyuma. Pima kuyumba kwa diski kwa saa ya kupimia. Ikizidi mm 0.1 safisha kutu kwenye habu au badili diski. Angalia mchezo wa bearingi za ekseli. Breketi iliyochomelewa ikakaa kombo inailazimisha kalipa ijipinde kila unapokanyaga, na mguu unaihisi kama sponji ingawa hakuna upepo. Pini za kalipa zitembee kwa mkono, bila nyundo.

Hatua ya 7: Ikilainika baada ya safari tu

Baadhi ya masta silinda za dramu zina valvu ndogo inayobakiza presha ya takribani psi 10. Dramu zinaihitaji. Diski zinaburuzwa nayo, zinapata moto, na mafuta yaliyokwisha nyonya maji yanachemka: DOT 3 ya namna hiyo inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 za Selsiasi. Sogeza mkono karibu na rimu baada ya kilomita chache. Kama nyuma panaunguza, tafuta valvu hiyo.

Hatua ya 8: Sasa masta silinda

Ukifika hapa na pedeli bado iko chini, kalipa zako zinataka mafuta mengi kuliko masta silinda inavyotoa. Kutoka inchi 7/8 kwenda inchi 1 kunapandisha pedeli, lakini mguu utahitaji nguvu karibu theluthi moja zaidi. Mweleze mteja kabla ya kufunga. Mpya itolewe upepo mezani kwanza.

Jaribu kwenye uwanja wa vumbi, kwa mwendo mdogo. Magurudumu ya nyuma yakishika kabla ya mbele, gari litageuka mkia, kwa hiyo rudi kwenye valvu ya mzigo urekebishe mkono wake. Kagua uvujaji kwenye kila nati, halafu kagua tena kesho yake asubuhi kabla mwenyewe hajalichukua.