Mwerezi, Mtarakwa au Saipresi? Namna ya Kuitambua Miti Hii Kabla ya Kununua Miche

Mkulima wa nyanda za juu anayetaka nguzo za uzio zisizoliwa na mchwa huenda kitaluni akaulizia mwerezi, naye muuzaji, pasipo hila yoyote, akampa miche ya saipresi. Kosa hilo hugunduliwa miaka mingi baadaye, nguzo ambazo hazikutiwa dawa zinapoanza kuoza ardhini. Chanzo chake ni jina, kwa kuwa watu huiita mierezi miti isiyo na udugu wa karibu.

Mwerezi halisi ni ule wa Lebanoni, unaotajwa katika Biblia na kuchorwa kwenye bendera ya nchi hiyo, pamoja na ndugu zake wa milima ya Atlas, Kupro na Himalaya. Majani yake ni kama sindano zilizokusanyika vishada vishada juu ya vijitawi vifupi, na koni zake, zenye umbo la pipa, husimama wima juu ya tawi na kupukutika zikiwa bado mtini. Kwetu mti huu ni nadra.

Mti wetu, ambao mkulima yule anautafuta anapoulizia mwerezi, ni mtarakwa, ambao Wamaasai huuita oltarakwai. Huota wenyewe kwenye misitu mikavu ya milimani kama vile Aberdare, Mau, Meru na Usambara Magharibi, na unaweza kufikia mita 40. Gome lake la kahawia huchanika kwa nyuzi ndefu, lakini usilitegemee peke yake, maana la saipresi nalo huchanika. Shahidi wa kuaminika ni tunda: la mtarakwa ni dogo kama punje ya pilipili manga, laini, la buluu iliyokolea lenye vumbi jeupe kama la zabibu, ilhali la saipresi ni kidonge kigumu cha mti kinachopasuka kwa magamba. Kumbuka kwamba mtarakwa kwa kawaida una mti dume na mti jike, hivyo usipoona matunda kwenye mti mmoja, tazama na jirani zake. Majani ya mti mzima ni magamba madogo yaliyobana kijitawi, lakini ya mche ni sindano zinazochoma mkono. Ukikata mti, kiini chekundu chenye harufu nzuri, ile ya penseli mpya, huondoa shaka iliyobaki.

Maeneo ya chini huuzwa pia, kwa jina hilohilo la mwerezi, mti wa sedrela kutoka Amerika ya kitropiki. Huu hautakusumbua kuutambua: una majani mapana yaliyopangwa pande mbili za kikonyo kirefu, na ukiyafikicha hunuka kama kitunguu saumu. Mbao zake ni nzuri kwa samani, ila nisingeushauri karibu na msitu wa asili, kwani huko Kimboza, Morogoro, umeenea hadi kuisonga miti ya wenyeji.

Basi kabla ya kulipa, mwombe mwenye kitalu akuonyeshe mti mama au matunda yaliyotoa mbegu. Mtarakwa hukua polepole, kwa hiyo anayehitaji mbao mapema apande saipresi akijua anachopanda, akikagua matawi mara kwa mara kwa sababu vidukari vya saipresi huyakausha, na mtarakwa aupande mpakani, ambako hakuna anayeuharakisha.