Kwenda Amani na kurudi Tanga siku hiyohiyo

Sisi wa Tanga mgeni akitufikia tunampeleka mapango ya Amboni, jioni Raskazone akapunge upepo, basi, tumemaliza. Amani, ile hifadhi ya msitu mlimani juu ya Muheza, tunaiacha kwa Wazungu wenye darubini za kutazamia ndege. Ajabu yenyewe ni kwamba maji tunayokoga hapa mjini yanatoka huko: mto Zigi unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, unaingia bwawa la Mabayani, ndipo unatufikia bombani. Mie ndiye ninayepangia safari hizi kikundi chetu cha kuweka na kukopa pale Ngamiani, kwa hiyo nitaeleza ninavyofanya, nanyi mtachukua kinachowafaa.

Kwanza amueni mnakwenda wapi hasa, maana "Amani" ni sehemu mbili. Kuna Zigi, chini, kwenye lango la hifadhi, ambako msitu ni wa joto na mto uko karibu. Halafu kuna Amani yenyewe, juu, kwenye mita mia tisa hivi kutoka usawa wa bahari, penye bustani ya mimea, majumba ya Wajerumani na ubaridi. Kwa gari mtapita kote kuwili, lakini matembezi ya miguu chagueni mahali pamoja tu. Anayetaka kutembea Zigi kisha apande tena kilima cha Mbomole, na magharibi awe Tanga, huyo alale hukohuko, nyumba za wageni zipo. Wenye watoto wadogo au mama mtu mzima nawashauri juu, kwenye bustani, kwa sababu njia zake ni pana. Vijana waende Zigi.

Usafiri ndio unaowakwamisha wengi. Mabasi ya Amani yamepangwa kwa ajili ya watu wa mlimani: yanashuka Muheza alfajiri na mizigo yao, mchana yanawarudisha. Wewe wa mjini safari yako ni kinyume na yao. Ukipanda na basi la mchana utafika jioni, na la kukurudisha ni la kesho yake. Kwa hiyo kodini Noah, mkae saba mchangiane. Gari la chini sana msilichukue, wala msimchukue dereva ambaye hajawahi kupanda mlima huo. Kona ni nyingi, na sehemu za juu ni udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza kama bamia. Mkubaliane bei kabla, mkitaja wazi kwamba atawasubiri huko kutwa nzima, na chakula chake mtabeba ninyi. Msipotaja, mtasikia habari nyingine wakati wa kurudi.

Asiye na uwezo wa Noah asikate tamaa. Daladala za Muheza zipo tangu asubuhi, na kutoka Muheza bodaboda wanafika Zigi. Mwambie akufuate saa tisa alasiri, uchukue na namba yake. Ila boda hiyo ni ya Zigi tu. Mie kupanda nayo mpaka juu simshauri mtu.

Majira nayo. Masika, Machi hadi Mei, achaneni nayo, huko mvua inanyesha kuliko tunavyoijua pwani. Januari na Februari ndipo pazuri zaidi. Juni mpaka Septemba panafaa, lakini ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne na baridi ni ya kweli. Vuli ni bahati nasibu. Siku mbili kabla ya safari mpigieni mtu yeyote wa Muheza, mumuulize kama jana imenyesha na magari yanapita. Msimuulize mtu wa Tanga, hapa jua linaweza kuwaka huku kule mti umelala barabarani.

Ondokeni Tanga saa kumi na mbili asubuhi. Nikiandika kumi na mbili nina maana gari linatoka, si watu wanaanza kuamshana. Muheza mtafika kabla ya saa moja na nusu: hapo jazeni mafuta, toeni pesa kwa wakala, nunueni maji, kwa sababu mbele mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Kutoka Muheza mpaka juu ni kama kilomita thelathini na sita, lakini hesabuni saa moja na nusu, na msimharakishe dereva.

Chakula pikeni nyumbani. Mie hubeba chapati, maharage ya nazi mazito yasiyomwagika, mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi kwenye chupa. Wali unapoa na kuwa mzito, na samaki wa kukaanga watawanukia ndani ya gari kutwa. Kila mtu avae viatu vya kufunika na soksi ndefu, suruali aiingize ndani ya soksi. Akina mama wenzangu, vaeni suruali chini ya dera, hakuna atakayewasema msituni. Sababu ni siafu na kupe. Sweta na koti la mvua viwe kwenye mkoba hata kama Tanga jua linawaka.

Zigi ndipo mnapolipa kiingilio. Hifadhi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu na kupewa risiti. Mtanzania analipa nafuu kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Wakati mmoja anashughulikia malipo, wengine watazame ile nyumba ya zamani ya ofisi: ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walileta reli mpaka hapo kutoka Tengeni kwa ajili ya mbao. Reli imeshang'olewa, nyumba imebaki.

Chukueni mwongoza wageni wa hapo, na msiseme "tunaijua njia". Bila yeye mtaona kijani tupu. Yeye ndiye atakayewaonyesha kinyonga aliyekaa mbele ya pua zenu, na msambu, ule mti wenye tunda kubwa ambalo mbegu zake wanakijiji wanaziuza zikamuliwe mafuta. Atawaonyesha pia msizi, mti ulioletwa na kupandwa kisha ukajisambaza wenyewe, hondohondo wakila matunda yake na kumwaga mbegu kila mahali, na sasa unabana miti ya asili. Muulizeni awatafutie ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye unyevu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huku Tanga, von Saint Paul, alipeleka mbegu zake kwao, wakalipa jina lake, Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Kwao ni hapa. Msiling'oe, na msiniambie "kamoja tu".

Asubuhi ndiyo ya mbega na ndege. Ikifika saa sita wananyamaza. Kwa hiyo tembeeni kwanza, muda wa kutosha ni saa mbili au tatu, kula kuje baadaye.

Walioamua kwenda juu watapita mashamba ya chai, simameni mpige picha zenu hapo, kisha mwende bustanini. Ilianzishwa mwaka 1902 pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Wajerumani, wakakusanya miti kutoka pande zote za dunia wajaribu upi utawaletea faida. Mkwinini ulikuwamo, na katika Vita vya Kwanza, njia za bahari zilipofungwa, kwinini, dawa ya malaria, ya askari wao ilitengenezwa hapo. Mtu wa kikundi chetu anayependa viungo hachoki: mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, vyote unavinusa vingali mtini. Kula hapo kwenye nyasi ni raha, lakini mifuko na maganda ya mayai rudini navyo.

Saa tisa gari ligeuze, hata kama kuna anayetaka picha ya mwisho. Giza linaingia mapema chini ya miti na ukungu wa jioni haumwonei huruma dereva. Iliki na pilipili manga nunueni hukohuko juu, kwa mkulima mwenyewe, bei yake si ya soko letu la Mgandini. Machungwa subirini Muheza: yakiwa kwenye msimu, wauzaji watalizunguka gari kabla halijasimama. Ombeni kuonja kwanza, mpatane kwa kiroba, na muangalie hata yale ya chini ya kiroba kabla ya kulipa.