Kurekodi ushahidi wa watu kwa dokumentari ya kijamii

Dokumentari ya watu waliodhulumiwa huharibika kwa njia mbili: shahidi anaumizwa tena kwa sababu ameonekana, au anasema neno zito na sauti haisikiki. Zote mbili huzuiwa kabla kamera haijawashwa.

Anza na hati. Kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, kinafundisha vizuri: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya madini ya risasi mtaani hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walioathirika walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Filamu ya kisa cha namna hii haimaliziki kwa msimu mmoja, kwa hiyo bajeti yako iwe ya miaka. Hukumu za Kenya husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tengeneza jedwali la tarehe, tukio, hati na ukurasa. Wakili wa mtuhumiwa akipinga maneno ya shahidi wako, utajibu kwa jedwali hilo.

Vibali vishughulikie mapema. Tanzania Bara hutolewa na Bodi ya Filamu, Zanzibar na BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni), Kenya unahitaji leseni ya kurekodi, na droni ina kibali chake peke yake kote. Mtaani, siku ya kwanza nenda mikono mitupu, bila kamera. Salimia, jitambulishe kwa mzee wa mtaa au mwenyekiti wa kijiji, eleza kazi, lakini usimpe majina ya utakaowahoji. Wakati mwingine yeye mwenyewe ana maslahi katika jambo hilo.

Sasa idhini, ambayo wengi huifanya kwa haraka mno. Sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo mtu hakuielewa haina thamani. Mweleze kwa lugha anayoiongea nyumbani, na umtajie watazamaji anaowajua: «Mama, hii itaonyeshwa kwenye televisheni na kwenye simu. Jirani ataiona, mwenye nyumba ataiona, bosi wako wa zamani ataiona. Ikishaingia mtandaoni hatuwezi kuifuta kila mahali. Ukibadili nia, tupigie kabla hatujamaliza kuhariri.» Kisha mwombe akueleze yeye alivyoelewa. Akisema tu «sawa, sawa», bado hajaelewa, au anakuonea haya kama mgeni. Rudi kesho.

Idhini huombwa mara tatu: kabla ya mahojiano, mara baada ya mahojiano anapokuwa ameshajua alichokisema, na tena anapoona sehemu yake iliyohaririwa. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi akubali, na mtoto naye akubali. Mmoja akikataa, acha. Usinunue ushahidi. Nauli na kibarua alichokikosa siku hiyo mrudishie, uandike na risiti, maana malipo ya kificho ndiyo hoja ya kwanza atakayoshika wakili wa upande wa pili.

Anayetaka kufichwa, mfiche wakati wa kurekodi. Ukiufunika uso baadaye kwenye kompyuta, faili asilia bado lina sura yake, na kadi inaweza kukamatwa au kuibwa. Mkalishe dirisha likiwa nyuma yake abaki kivuli, au rekodi mikono tu. Halafu kagua fremu yote: kovu, pete, kanga ambayo mtaa mzima unaijua, rangi ya mlango, namba ya pikipiki. Sauti nayo hutambulika, kwa hiyo maneno yake yasomwe na mtu mwingine.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Maiki ndogo bana sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, juu ya kitambaa. Ikiwa chini ya mtandio au kanga, kila anapopumua utasikia mkwaruzo. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, vilele vya sauti kwenye mita vikicheza karibu na -12 dB, na mtu mmoja avae hedifoni mwanzo hadi mwisho. Nyumba ya mabati hulia jua likipanda, na mvua ikinyesha huna mahojiano, hivyo fanya asubuhi. Zima feni na friji. Adhana ikianza, nyamazeni nyote mpaka iishe. Mwishoni rekodi dakika nzima ya ukimya wa chumba hicho, mhariri ataihitaji kuziba mikato. Kamera iwe fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata iwe sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz. Kwa 1/60 taa nyingi huonekana zikipepesa.

Usiulize «ulijisikiaje?», utajibiwa «vibaya». Uliza «nielezee siku ile tangu ulipoamka», kisha nyamaza. Akimaliza jibu, hesabu tano moyoni kabla ya swali linalofuata. Mara nyingi jambo lenyewe hutoka hapo. Akilia, usisogeze kamera. Muulize kama anataka mpumzike, na kama rekodi iendelee.

Ukirekodi video kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula takriban GB 45. Nakili jioni ileile kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti. Kadi isifutwe mpaka faili zifunguke kwenye diski zote mbili.

Kuhusu riziki: ruzuku kama ya Docubox, mfuko wa filamu za dokumentari ulioko Nairobi, hugombaniwa na wengi, hivyo wengi hujikimu kwa video za mashirika. Soma mkataba vizuri. Shirika likimiliki picha zote ulizopiga, uso wa shahidi wako unaweza kuishia kwenye bango la kuchangisha fedha ambalo hakuliridhia. Dai kifungu kinachozuia matumizi nje ya filamu hiyo.

Kabla ya kufunga uhariri, mwandikie anayetuhumiwa maswali mahususi, mpe wiki mbili, na utunze uthibitisho kwamba barua ilimfikia. Asipojibu, sema hivyo kwenye filamu. Na kabla ya tamasha lolote, iwe ZIFF (tamasha la filamu la Zanzibar) au la nje, waonyeshe kwanza waliomo ndani yake, palepale mtaani, mhariri akiwa nawe na muda wa kubadilisha ukiwa bado upo.