Anza na transfoma ndo uje kwenye mota: hatua kwa hatua

Wengi wanaotaka kujifunza mashine za umeme wanakimbilia mota kwa sababu inazunguka na inavutia, halafu wakikutana na rota (sehemu inayozunguka), stata (isiyozunguka) na mahesabu wanakwama wanaacha. Mi nasuka mota na transfoma kila siku na nakwambia, mota iweke pembeni kwanza. Shika transfoma ndogo, yaani koili mbili za waya kwenye chuma kimoja. Ukiielewa hiyo, mota utaikuta ni transfoma ileile ila upande wake wa pili umeachiwa uzunguke.

Tafuta multimita, transfoma ya volti 230 kwenda 12 yenye VA 50 hivi (VA ni uwezo wake, volti mara ampea) na fyuzi yake, balbu ya zamani ya wati 60 (ile ya kiwaya kinachowaka ndani, LED haitufai hapa), balbu ya gari ya volti 12 wati 21, na waya mwembamba wenye ganda kama mita mbili. Na ukitaka kugusa nyaya chomoa plagi, usizime swichi tu, CHOMOA. Ukilazimika kupima umeme ukiwepo tumia mkono mmoja, wa pili uweke mfukoni.

Hatua ya 1: pima ohm kabla hujachomeka

Upande wenye waya mwembamba ndo wa 230, tuseme unasoma ohm 45. Upande wa 12 una waya mnene na mizunguko michache, hausomi hata ohm moja. Sasa gawanya 230 kwa 45, unapata kama ampea 5. Lakini ukiichomeka bila mzigo haivuti hata ampea 0.1! Hapa ndo pa kukaa ufikirie, usiruke. Umeme wa AC unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, usumaku kwenye chuma nao unapanda na kushuka, na usumaku unaobadilika unazalisha volteji ndani ya koili hiyohiyo inayosukumana na umeme ulioingia. Kinachozuia kurenti ni huo msukumano, zile ohm 45 mchango wake ni mdogo sana. Faraday alishaliona jambo hili 1831 kwa pete ya chuma na koili mbili: sindano yake ilicheza pale tu alipounga betri na alipoitoa, katikati ilitulia tuli.

Hatua ya 2: ijaribu kupitia balbu

Ile balbu ya wati 60 iunge kwa mfuatano na upande wa 230, yaani umeme upite kwenye balbu ndo uingie kwenye transfoma. Ikiwa nzima balbu haiwaki, au inafifia tu. Ikiwaka kwa nguvu wakati upande wa pili hauna kitu, koili ina shoti ndani, usihangaike nayo. Ukiiona nzima, chomoa, fanya shoti ya makusudi upande wa 12, chomeka tena: balbu inawaka. Umeona? Ulichofanya upande wa pili kimesikika upande wa kwanza wakati nyaya hazigusani kabisa. Kumbuka hili, tutalirudia kwenye mota.

Hatua ya 3: hesabu mizunguko bila kufungua koili

Hii ndo naipenda kuliko zote. Toa ile shoti, chomoa, chukua waya wako mwembamba upitishe kwenye nafasi kati ya koili na chuma, zungusha mara 10, ncha zake ziweke kwenye multimita upande wa AC. Chomeka. Mfano umesoma volti 1.8, basi kila mzunguko ni volti 0.18. Gawanya 230 kwa 0.18 unapata mizunguko kama 1,278, na upande wa pili ukisoma 13.3 bila mzigo ina mizunguko 74. Umejua siri yote ya transfoma na hujakata hata waya mmoja. Volteji kwa mzunguko ni ileile pande zote kwa sababu usumaku unaopita ni uleule, kwa hiyo volteji zinafuatana na idadi ya mizunguko, basi.

Na hapo ndo utaelewa kwa nini transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya herzi 60 (yaani mara 60 kwa sekunde) inachemka ukiiweka kwenye 50: usumaku una muda mrefu zaidi wa kupanda kila safari, unazidi kwa asilimia 20, na chuma kinashiba usumaku, hakiwezi kubeba zaidi.

Hatua ya 4: weka mzigo

Chomoa, toa balbu ya wati 60, unga balbu ya gari upande wa 12. Inavuta kama ampea 1.75, na volteji itashuka kidogo kutoka 13.3, ndo kawaida. Upande wa 230 kurenti ya mzigo ni hiyo gawanya kwa 17.3 (yaani 230 ÷ 13.3), kama ampea 0.1. Volti zikishuka ampea zinapanda, hakuna cha bure. Ule mlio wa mmm ni chuma kinachonyooka na kusinyaa kidogo mno mara 100 kwa sekunde, ila ukizidi ghafla kagua sahani za chuma kama zimelegea.

Nikiwa mwanafunzi niliunga betri ya volti 12 kwenye upande wa 12 nikitegemea nipate 230. Waya ulichemka, moshi ukatoka, kwa sababu DC haibadiliki kwa hiyo hakuna msukumano, inabaki ile ohm isiyofika hata moja tu na kurenti inamwagika. Kwa haraka nikang'oa waya wa betri huku mkono mwingine umeshika upande wa 230, usumaku ukaporomoka mara moja, nikatupwa nyuma. Faraday alitumia sindano, mi nikatumia mwili.

Hatua ya 5: sasa njoo kwenye mota

Mota ya kawaida ya AC: stata ndo upande wa kwanza, rota ndo upande wa pili, na nondo za rota zimeungwa shoti kwenye ncha zote mbili. Yaani ni ile shoti ya hatua ya 2! Ndo maana mota ikianza inavuta mara 5 mpaka 7 ya kurenti yake ya kawaida, na ikikwama bila kuzunguka inaungua.

Soma kibati chake cha maelezo. Herzi 50 na poli 4 (ncha za sumaku), usumaku wa stata unazunguka 120 × 50 ÷ 4 = mara 1,500 kwa dakika. Kibati kimeandika 1,440. Siyo kosa, rota lazima ichelewe, kwa sababu ikiufikia usumaku haitauona ukibadilika, haitapata kurenti, haitakuwa na nguvu. Hapa imechelewa asilimia 4. Ukiongeza mzigo inachelewa zaidi, inavuta kurenti zaidi, inajipa nguvu yenyewe.

Hatua ya 6: fungua boksi la nyaya la mota ya fezi tatu

Kwa kawaida mstari mmoja utakuta U1, V1, W1 na mwingine W2, U2, V2, ambazo ni ncha za koili tatu. Vibati vya kuunganishia ncha hizo vikisimama wima ni delta (kila koili inapata volteji yote ya laini), vikilala kwenye mstari wa W2, U2, V2 ni sta (koili zinakutana sehemu moja, kila moja inapata volteji ndogo zaidi). Kibati cha maelezo cha mota kikisema 230/400 na laini yako ni 400, funga STA. Mota nyingi zinazokuja kwangu zimeungua kwa kosa hili tu, mtu kafunga delta na koili ya volti 230 ikapewa 400.

Kabla ya kuiwasha, umeme ukiwa umechomolewa, toa vibati vyote vya kuunganishia upime U1 na U2, V1 na V2, W1 na W2. Zikisoma ohm 6.2, 6.2 na 4.9, hiyo ya tatu imepiga shoti ndani. Pima pia kila koili na bodi kwa mega (kipimo cha kupima ganda la waya kama linavujisha umeme) ya volti 500, ikiwa chini ya megaohm 1 ikaushe kwanza halafu pima tena.