Kabla ya Kwenda Uwanjani: Usajili wa Polisi kwa Vijana wa Mombasa

Likitoka tangazo la usajili wa makurutu wa polisi, simu yangu hailali. Vijana wa Kisauni wananiuliza lile lile: "Ami, mwisho miaka mingapi?" Kwa konstebo ni kuanzia 18 hadi 28, na inahesabiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho, si kwa mwaka anaoukumbuka nyanya. Wengi huchanganya na jeshi, ambako kurutu wa kawaida mwisho wake ni 26. Ukiwa na 27 sasa, usingoje tangazo ndipo uanze kutafuta karatasi.

Nasema karatasi kwa uchungu. Huku Pwani jina moja lina maandishi mengi: Fatma na Fatuma, Mohamed na Muhammad. Mwaka mmoja nilimsindikiza mpwa wangu. Urefu alikuwa nao, pumzi pia. Afisa akaweka kitambulisho na cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, pamoja juu ya meza, akapitisha ncha ya kalamu herufi kwa herufi: huku Athman, huku Othman. Akamrudishia vyeti vyake bila kusema mengi. Tulirudi nyumbani kimya, na kosa lilikuwa letu wazee, tuliokiona cheti miaka yote ile tusiseme kitu. Basi leo hii toa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, uvisome kimoja baada ya kingine. Ukiona tofauti, muone wakili akuandikie hati ya kiapo, na uulize ofisi iliyotoa cheti kama kinaweza kusahihishwa. Si kazi ya siku mbili. Siku yenyewe beba vyeti halisi pamoja na nakala.

Masomo: wastani wa D+ katika KCSE, na D+ katika Kiswahili au Kiingereza. Uwe raia wa Kenya na usiwe na rekodi ya uhalifu. Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kutiwa alama za vidole. Hapa mjini alama hizo huchukuliwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali kwenye jengo la posta, Digo Road.

Mwilini wataangalia macho, masikio, meno, miguu. Jino bovu litibiwe mapema. Mbio zifanyiwe mazoezi kila alfajiri pale ufuoni Pirates, maji yakiwa yametoka na mchanga umeshikana, lakini kumbuka uwanjani utakimbia jua limeshawaka. Kwa mabinti, sharti ni kutokuwa na mimba wakati wa usajili na muda wote wa mafunzo. Mama au shangazi amweleze binti hilo faraghani, asije akalisikia mara ya kwanza mbele za watu.

Tena wazazi, nawaomba sana: usajili ni bure. Atakayekupigia simu akisema ana nafasi ya mwanao, usimpe hata shilingi. Mama asiuze dhahabu yake, baba asiweke kiwanja rehani. Sheria ya hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji, na pesa zile hazirudi.

Akichukuliwa, huenda akapelekwa chuo cha polisi cha Kiganjo, kule Nyeri, na baridi ya kule mtoto wa Mombasa hajawahi kuiona. Sweta nzito itafutwe sokoni Kongowea mapema.