SOMO: Umetapeliwa hela ya simu? Fuata hatua hizi kabla haijatolewa

Naandika mara moja. Mimi ni wakala wa hela za simu hapa Kirumba, Mwanza, na swali hili naulizwa mpaka na watu waliokuja kununua vocha tu. Soma yote kabla ya kuuliza.

1. Usimpigie tapeli. Ukimtukana umemwambia awahi kuitoa.

2. Piga 100. Mitandao ya Tanzania inatumia namba hiyohiyo. Usiende kutafuta "huduma kwa wateja" Facebook.

3. Andaa taarifa za muamala. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mhudumu hahitaji kusikia ulivyodanganywa kuwa mwanao amelazwa hospitali ya Bugando. Anataka kumbukumbu namba ya muamala, kiasi, saa na namba iliyopokea. Watu wakishaumia wanafuta meseji zote kwa hasira, kisha wanakuja kwangu wakilia eti niwatafutie. Nitazitoa wapi? Ziandike kwenye karatasi kwanza, maana mwenye kitochi hawezi kuongea huku anasoma. Hela ikiwa bado kwenye akaunti ya tapeli inaweza kuzuiwa. Akishaitoa, mtandao peke yake hauna cha kukurudishia.
ONYO: Omba namba ya lalamiko kabla hujakata simu. Kesho utapokelewa na mhudumu mwingine asiyekujua.
ONYO: Utaulizwa majina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), pengine na miamala ya karibuni. Namba ya siri huulizwi. Anayeiuliza ni mwizi.

4. Badili namba ya siri.

5. Nenda polisi, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Ukiambiwa "hilo ni la watu wa simu", kumbusha kwa adabu kwamba ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

6. Meseji ya tapeli itume 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usiifute mpaka polisi wameiona.

MASWALI

Jembe la Igoma: Nimepigwa elfu themanini, nifanyeje?
– Hatua ya 2.

Jembe la Igoma: Nimepiga, kaniomba namba ya siri anirudishie.
– Umepiga namba gani?

Jembe la Igoma: Niliipata Facebook.
– Mkuu! Hatua ya 4 sasa hivi, halafu 100. Kisha rudi usome.

Mzee wa Floti: Mawakala ndio mnashirikiana nao. Hela inatolewa wapi kama si kwenu?
– Wakala anayetoa hela bila kuangalia kitambulisho yupo, simtetei. Ila usitupake sote. Matapeli wanatuwinda na sisi, floti ya wakala, yaani hela yake ya kufanyia kazi, ni kubwa kuliko salio lako.

Mama Dagaa: Dada, mimi nanunua dagaa Ukerewe, namba nyingi zinanitumia hela. Mtu akisema "nimekosea, nirudishie", nifanyeje?
– Swali zuri, mama. Angalia salio kwanza, meseji haitoshi. Ya uongo mara nyingi inatoka namba ya kawaida ya mtu. Kama hela imeingia kweli, usiitumie wala usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige 100, irudishwe huko. Ukimtumia, naye akapiga 100 kulalamika, anaweza kulipwa mara mbili kwa hela yako.

Mama Dagaa: Asante. Na laini ikikata mtandao ghafla wakati jirani anao?
– Kwanza izime na kuiwasha. Ikigoma, usingoje asubuhi. Huenda kuna mtu amekwenda kui-renew kwa jina lako, yaani amepewa laini mpya yenye namba yako. Azima simu, piga 100, waifunge.

Kijana wa Nyegezi: Nitajuaje kama kuna laini nyingine imesajiliwa kwa NIDA yangu?
– Piga *106#, ufuate maelekezo. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho duka la mtandao husika waiondoe. Na ukisajili kwa wale wanaosajili laini barabarani chini ya miamvuli, akikwambia "kidole hakijasoma, rudia", mwambie akuonyeshe skrini kwanza. Laini ya pili inaweza kusajiliwa hapohapo, ukiwa umesimama mbele yake.