Mbegu za papai kwa minyoo: usizichemshe

Hapa Malindi papai likikatwa, mbegu huishia kwa kuku. Ukitaka kuzijaribu kwa minyoo, zisugue kwenye chujio mpaka ule utando wa utelezi utoke, zianike kivulini siku tatu, kisha saga kijiko kimoja cha chai, changanya na asali, ule papo hapo. Wengi huharibu kwa kuchemsha: ukali ule unaoaminika kupambana na minyoo, kama wa haradali, huzaliwa mbegu inapopondwa, na moto huuzima. Mjamzito asiguse kabisa. Mtoto mdogo mpeleke zahanati; dawa ya minyoo ya albendazoli, kwa kipimo cha umri wake, ina uhakika zaidi, kusema kweli. Tegu, mnyoo bapa na mrefu, ana dawa yake tofauti. Minyoo ya safura hupenya nyayoni, kwa hiyo chooni na shambani vaa ndara.